Kiraka cha Mtaani kwenye PLC: Jinsi ya Kujitoa Bila Kusimamisha Kiwanda

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda cha unga ambako konveya ya magunia ilikuwa inajizima yenyewe usiku. Laptopu ya kazi ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya matengenezo, imefungwa rababendi pamoja na kebo yake. Ndani yake kulikuwa na folda ya programu ya kuandikia PLC (kompyuta ndogo ya kwenye kabati inayoziamrisha mashine za kiwanda), na kwenye folda hiyo faili moja la maandishi lenye mistari mitatu tu: zima antivairasi, katisha intaneti, kisha fungua faili hili kwa ruhusa za msimamizi.

Hebu isome tena mistari hiyo taratibu. Ni kama mtu usiyemjua akupigie simu akuombe umfunge mbwa, uzime taa ya nje na umwachie ufunguo chini ya kizulia, kisha akuhakikishie kwamba anakuja tu kutengeneza kitasa. Na sisi tukafanya. Mimi mwenyewe nilijifunzia kazi hii kwenye programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi wake ili itumike bila leseni, kwa sababu chuoni leseni haikuwepo na mshahara wangu wa kwanza usingeinunua. Kwa hiyo sina ubavu wa kumhubiria mtu. Ninayemwandikia ni fundi ambaye kraki anayo tayari, mtambo unazunguka, bosi anataka tani zake, na yeye anatafuta njia ya kutoka.

(Konveya ile, kwa taarifa yako, ilikuwa waya uliolegea kwenye terminali ya sensa. Dakika ishirini. Laptopu ndiyo iliyonikalisha pale siku nne.)

Kabla ya kugusa kitu: hatari iko wapi hasa

Kraki ya programu ya kuandikia barua ikiwa na uchafu, utapoteza barua. Programu ya PLC inaandika amri zinazofungua valvu ya mvuke na kuwasha mota ambayo huenda mtu ameingiza mkono ndani yake. Tena ndiyo macho yako. Unapoangalia kwenye skrini kama swichi ya mlango imefunga, huioni swichi. Unaona kile programu ilichoamua kukuonyesha.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2010, pale kampuni ya VirusBlokAda ya Belarus ilipogundua kirusi kilichokuja kuitwa Stuxnet. Programu ya Step 7, ya kuandikia PLC za Siemens, ina faili liitwalo s7otbxdx.dll, ambalo ndilo mjumbe kati ya laptopu na PLC. Kirusi kilimwondoa mjumbe huyo kikaweka wa kwake. Fundi akiomba kusoma programu iliyomo ndani ya PLC, mjumbe wa bandia anamletea ile safi na kumficha iliyoongezwa. Kule Natanz, Iran, sentrifuji za kurutubishia urani zilipandishwa hadi Hz 1,410, kisha zikashushwa hadi Hz 2, na wakati huo chumba cha udhibiti kilikuwa kinachezewa takwimu zilizorekodiwa mapema za mtambo uliotulia.

Simaanishi kwamba kila kraki ina Stuxnet tumboni. Namaanisha kwamba kraki inafanya upasuaji mahali palepale: inabadilisha mafaili ya programu inayosimama katikati yako na mashine. Aliyeshika kisu humjui.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi wa mtaani ni cha mwaka 2022. Kampuni ya usalama ya Dragos ilichunguza programu ndogo zinazotangazwa mitandaoni kwa ahadi ya "kurudisha nywila ya PLC iliyosahaulika". Waliyoifungua ilikuwa ya PLC ya DirectLogic 06 ya AutomationDirect. Na kweli, nywila iliirudisha! Haikuivunja kwa akili kubwa: ilitumia tundu lililokuwemo kwenye PLC, ikaiomba nywila na PLC ikaitoa. Lakini wakati fundi anashangilia, nyuma yake ilikuwa inapanda kirusi cha Sality, ambacho kinaiunganisha kompyuta na kundi la kompyuta zilizotekwa, kinazima programu za ulinzi na kusambaa kwa fleshi na folda za mtandao. Kila nusu sekunde kilikagua kama umenakili anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, ili kiibadilishe iwe ya mwizi. Matangazo ya aina hiyo yalitaja PLC za Omron, Siemens, Mitsubishi, Delta na nyingine nyingi, yaani karibu kila kilichomo kwenye makabati yetu.

Kwa hiyo ile hoja ya "nimeitumia miaka mitatu na inafanya kazi" haina uzito. Chambo kisichokuwa na ladha hakimnasi samaki.

Hatua ya 1: Usifute chochote bado

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anasoma habari za virusi, anapata hofu, anafomati laptopu Ijumaa jioni. Jumatatu anagundua kwamba nakala pekee ya programu ya boila, yenye majina na maelezo yote, ilikuwa humo.

Chomoa tu kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, na ibandike karatasi yenye maandishi makubwa: ISIUNGANISHWE. Kama laptopu hiyohiyo ndiyo inayotumika kusomea barua pepe na kuangalia mpira, basi siku hiyo mpira uangaliwe kwingine.

Hatua ya 2: Andika ulicho nacho

Daftari la kawaida linatosha. Kwa kila PLC andika modeli kamili iliyo kwenye kibandiko chake, toleo la programu yake ya ndani, anwani ya mtandao, inaendesha nini, na nani aliigusa mwisho. Kwa kila kompyuta andika programu zilizomo, matoleo yake, na zilikotoka. Kwenye safu hiyo ya mwisho usijidanganye. "Nilipewa na rafiki kwenye fleshi" ni jibu, liandike hivyohivyo.

Hatua ya 3: Pima mafaili

Huna haja ya kuwa mtaalamu. Kwenye Windows fungua PowerShell, nenda kwenye folda ya programu, kisha andika:

Get-AuthenticodeSignature .\*.exe, .\*.dll

Utapata orodha yenye hali ya sahihi ya kidijitali ya kila faili. Valid maana yake faili liko kama mtengenezaji alivyolitia sahihi. NotSigned peke yake isikutishe, kwani mafaili mengi halali ya zamani hayana sahihi kabisa. Neno la kukuondolea usingizi ni HashMismatch: sahihi ipo, ila yaliyomo yamebadilishwa baada ya kutiwa sahihi. Hicho ndicho kiraka cha mtaani, umekikuta kwa jina lake.

Lakini zingatia kwamba unaiuliza kompyuta ambayo huenda inadanganya. Majibu mabaya yaamini. Majibu mazuri yachukulie kama maneno ya shahidi mwenye kesi.

Tazama pia orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague. Nimeshakuta diski C nzima imo kwenye orodha hiyo. Na fungua faili la hosts, ndani ya folda ya Windows, ukaone kama kuna mistari inayozuia tovuti za mtengenezaji. Kraki nyingi huweka mistari hiyo ili programu isiulize habari za leseni, na matokeo yake ni kwamba hata viraka halali vya usalama haviingii. Mwaka 2020 yalitangazwa matundu makubwa kwenye CodeMeter, programu ya kusimamia leseni ambayo watengenezaji wengi wa vifaa vya viwandani huiweka ndani ya bidhaa zao. Mwenye leseni alisasisha akaendelea na kazi. Mwenye kraki alibaki na tundu lake, na kama umekata mawasiliano na mtengenezaji, hata habari yenyewe hukuipata.

Hatua ya 4: Tengeneza laptopu safi

Usijaribu kuisafisha ile ya zamani. Sality hujipachika ndani ya mafaili ya programu nyingine, na ukibakiza moja tu umerudi ulipoanzia. Tafuta diski mpya, au laptopu nyingine, na uweke Windows kutoka chanzo halali.

Programu ya PLC ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji au uichukue kwa wakala wake aliyeidhinishwa. Pale mtengenezaji anapochapisha alama ya SHA-256 ya faili (msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa hata kidogo), ilinganishe na yako:

certutil -hashfile setup.exe SHA256

Herufi zote 64 zifanane. Uvivu wa kuangalia nne za mwanzo na nne za mwisho tu ninaufahamu, nimeshaufanya. Na usione kwamba ni kujisumbua: mwaka 2014 iligundulika kwamba wadukuzi waliokuwa wakisambaza kirusi cha Havex waliingia kwenye tovuti za baadhi ya watengenezaji wenyewe wakatia sumu ndani ya mafaili ya kusakinisha. Kama chanzo halali kiliweza kuchafuliwa, jiulize kuhusu kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la simu.

Suala la fedha sasa, maana najua ndilo lililokuleta kwenye kraki. Angalia kwanza kama unachokihitaji si cha bure tayari. Codesys hupakuliwa bure. Connected Components Workbench ya Rockwell ina toleo la kawaida lisilolipiwa kwa ajili ya PLC za Micro800. Schneider hutoa bure programu ya PLC ya Modicon M221, na Delta hutoa ISPSoft. TwinCAT 3 ya Beckhoff unaweza kuiandikia bila malipo na kuijaribu kwa leseni ya siku saba unayoihuisha tena na tena. TIA Portal ya Siemens ina majaribio ya siku 21, ambazo zinatosha kabisa kwa kazi ya uokoaji ninayoieleza hapa, mradi uanze kuhesabu siku ukiwa umejiandaa. Anayejifunza tu achukue OpenPLC. Nimeona watu wakikraki programu ambayo tangu mwanzo ilikuwa bure.

Hatua ya 5: Soma PLC kwa laptopu safi, kisha linganisha

Hii ndiyo roho ya kazi yote, usiikimbilie.

Kabla ya kuunganisha, simama mbele ya skrini ya opereta na uandike thamani zote zilizowekwa kwa mkono: muda wa taimeri, kiwango cha joto, kasi ya invata (kidhibiti cha kasi ya mota), uzito wa gunia. Piga na picha. Thamani hizi mara nyingi hazimo kwenye faili la mradi. Zilibadilishwa na opereta wa zamu usiku mmoja wa mvua na hakuna aliyeziandika.

Kisha unganisha laptopu safi na usome programu kutoka kwenye PLC. Kusoma tu. Usiandike chochote kwenye PLC wakati mashine inafanya kazi, kwa sababu kwenye modeli nyingi kupakia usanidi mpya wa vifaa kunaisimamisha. Hifadhi ulichosoma ukiandika tarehe.

Baada ya hapo leta faili la mradi kutoka laptopu ya zamani. Leta mradi peke yake, usibebe mafaili ya kusakinisha wala "vizana vidogo vidogo" vilivyokuwa kando yake. Tumia fleshi mpya, na uikague kwenye kompyuta ya tatu kabla haijafika kwenye ile safi. Stuxnet ilijua kujificha hata ndani ya folda za miradi ya Step 7, kwa hiyo fungua mradi huo kwa toleo lililosasishwa tu.

Linganisha viwili hivyo. Kwenye TIA Portal, ukiwa umeunganishwa, blok (vipande vya programu) zilizofanana hupata duara la kijani. Zilizotofautiana huonyesha nusu duara ya bluu na ya chungwa. Kila tofauti iulizie. Nyingi zitakuwa na maelezo ya kibinadamu: fundi fulani aliongeza sekunde mbili kwenye taimeri asihifadhi. Lakini ukikuta blok ambayo hakuna anayeijua, inayoandika kwenye tokeo la mota au valvu, hapo simama, piga simu, usiendelee peke yako.

Angalizo kwa wenye mitambo ya zamani: PLC ya Siemens S7-300 ukiisoma inakurudishia programu bila majina wala maelezo. Badala ya "mlango wa mchanganyiko" utapata I0.3, na badala ya "ruhusa ya kuanza" utapata M12.4. Itakubidi ukae na michoro ya umeme uyarudishe majina moja baada ya jingine. Inachosha, na chai itakwisha. Pale kiwanda cha unga, siku mbili kati ya zile nne zilikwenda hapo.

Hatua ya 6: Toka kwenye skrini, nenda kwenye mashine

Ulinganisho wa mafaili hauokoi vidole. Baada ya kufanya kazi yoyote na programu yenye mashaka, kila kinga ya usalama ipimwe kwa mkono, mashine ikiwa haina mzigo, msimamizi wa zamu akiwa na taarifa na watu wakiwa mbali.

Nikueleze nilivyopima kitufe cha dharura cha ile konveya. Umeme wa kawaida, mkanda unazunguka bure. Fundi mwenzangu kasimama kwenye kabati, mlango wazi, macho kwenye kontakta kuu, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota. Nikabonyeza. Kontakta ikaanguka kwa ule mlio wake, mkanda ukasimama. Vizuri. Nikakizungusha kitufe kurudi juu, na hapa usipepese macho: mkanda haupaswi kuondoka wenyewe. Uendelee kulala mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuanza. Wa kwetu ukaondoka. Nusu sekunde tu baada ya kukiachia, magunia mawili yaliyosahaulika mwishoni yakaanza kusogea. Tulipofuatilia waya tukakuta kitufe kilikuwa kimeunganishwa kwenye ingizo la kawaida la PLC, kikategemea programu peke yake, na kwenye programu mtu alikuwa ameondoa sharti la kuanza upya. Ni kraki, ni kirusi au ni mkono wa fundi mwenye haraka? Kwa laptopu ile hatukuweza kujua, na huko kutoweza kujua ndiko ninakokuelezea tangu juu.

Tulirekebisha kwa rilei ya usalama inayokata umeme wa kontakta moja kwa moja, PLC ikabaki kupewa habari tu. Kitufe cha dharura kisipite kwenye programu ambayo mtu yeyote mwenye laptopu anaweza kuihariri. Fanya vivyo hivyo kwa swichi za milango, kamba za kuvuta kandokando ya konveya, na vikomo vya shinikizo na joto kwenye boila. Unapoingiza mkono ndani, kata umeme, weka kufuli lako na kibao chenye jina lako. Usitegemee kwamba skrini inasema IMESIMAMA.

Hatua ya 7: Ufunguo

Fupi lakini nzito. PLC yenye swichi ya ufunguo iachwe kwenye RUN (hali ya kuendesha tu), na ufunguo utoke ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Mwaka 2017, kwenye mtambo wa petrokemikali huko Saudi Arabia, wadukuzi waliweza kuandika programu yao ndani ya mfumo wa usalama wa Triconex kwa sababu swichi yake ilikuwa imeachwa kwenye hali ya kuprogramu. Mfumo ulisimamisha mtambo, ndipo watu wakaanza kuchunguza.

Nywila za kiwandani zibadilishwe zote. Novemba 2023, mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, ilivamiwa kupitia PLC ya kampuni ya Unitronics. Vifaa hivyo vilitoka kiwandani na nywila 1111. Na nywila ya PLC ikipotea, mtafute aliyejenga mtambo, kisha mtengenezaji. Wote wakishindwa, futa PLC na uandike programu upya kutoka kwenye michoro, wakati wa matengenezo makubwa. Ndiyo, ni kazi ya wiki. Sasa unajua kile kizana cha bure kinavyolipwa.

Seva ya chumba cha udhibiti

Hii ni mada yake yenyewe, nagusia tu. Skrini za udhibiti zilizokrakiwa zina ugonjwa wao: antivairasi ikisasishwa, inalitambua faili lililochezewa na kulifungia. Hutagundua siku hiyo. Utagundua umeme ukikatika saa nane usiku, kompyuta ikiwaka upya, programu inagoma kufunguka. PLC itaendelea na kazi yake, haihitaji skrini, lakini opereta anabaki anaendesha boila kipofu, bila kengele za tahadhari. Kama huwezi kuibadilisha seva mwezi huu, angalau hakikisha geji za kawaida za sindano zinafanya kazi na opereta anajua kuzisoma.

Kuongea na bosi

Usianze na virusi, atakuona unatafuta laptopu mpya. Anza na mtu wa usalama kazini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote zinambebesha mwajiri mzigo wa kuhakikisha mashine ni salama. Mtu akiumia, mkaguzi ataomba kumbukumbu za mashine, na mojawapo ya kumbukumbu hizo ni programu inayoiendesha. Haki miliki za programu za kompyuta nazo zinalindwa na sheria za nchi zote mbili. Baada ya hapo muulize bosi saa moja ya kiwanda kusimama inamgharimu kiasi gani, nyamaza, mwache apige hesabu mwenyewe.

Ukishamaliza yote, bandika karatasi ndani ya mlango wa kila kabati: toleo la programu, tarehe ya kupakiwa, jina la aliyepakia, na mahali nakala ilipo. Nakala ziwe mbili, moja nje ya jengo. Diski ya ile laptopu ya zamani usiitupe wala usimpe mtoto akachezee michezo. Ichomoe, iandike jina la mtambo, itie kwenye bahasha na uifungie kabatini kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwezi wa tano hivi mtu atakuja kukuuliza: fundi, ule mradi wa mashine ya kushonea magunia uliuweka wapi?